Ruhusa ya Kusoma

Tulimzika Simiyu kwao Bumula mwezi uliopita, na kati ya wote waliosimama kumsifu hakuna aliyetaja kompyuta. Walimtaja kama mtu wa kanisa, mtu wa ng'ombe, mtu ambaye angempeleka jirani hospitali kabla hajanawa uso. Shemeji yake alisema kwamba katika miaka yote aliyomjua, Simiyu hakuwahi kumfungia mtu mlango. Watu wakaitikia kwa sauti ya chini. Hamisi alikuwa ameketi kando yangu chini ya hema, kofia yake ameishika mapajani, na aliposikia maneno hayo aligeuka akanitazama, kisha akainama. Sikuhitaji kumuuliza anawaza nini. Sisi wawili tulifanya kazi chini ya Simiyu tukiwa vijana, na kuna mwaka mmoja ambapo uungwana wake huo wa kutomfungia mtu ulituweka roho juu. Jioni ile niliporudi Kitale nilijipakulia chakula nikashindwa kukila. Tangu hapo mwaka ule haujaniondoka, na naona heri niuandike nikiwa bado nawasikia watu wake wakizungumza.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la pembejeo mjini Kitale. Harufu ya dawa ya mbegu za mahindi ilipanda kutoka chini hadi chai yetu ikawa na ladha yake, na msimu wa kupanda wakulima kutoka Endebess walijaa pale dukani wakibishana juu ya mbolea, nasi tukalazimika kuongea kwa sauti ili tusikizane. Simiyu alikuwa fundi wa mashine za hospitali kabla ya kujifundisha kuandika programu. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwepesi wa kucheka, na kiti chake kilikuwa kimefungwa mguu kwa waya. Hamisi alinitangulia kazini. Alikuwa mtoto wa mjini, wa mtaa ulio karibu na msikiti, na kila Ijumaa baada ya swala alirudi na bakuli la pilau kutoka kwa mama yake, tukala watatu kwenye meza ileile ya kompyuta, tukiwa waangalifu punje zisiingie kwenye vitufe. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo. Nilikuwa mtu wa wasiwasi tangu hapo. Nikifunga mlango wa ofisi nilirudi kuutikisa, kisha nikarudi tena. "Nanjala," Simiyu angeniita kutoka barabarani, "hiyo mlango imefungika. Wacha kuisumbua, bana."

Programu yetu moja iliyokuwa ikitumika kweli ilikuwa katika kliniki ndogo mjini Bungoma. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake ndani ya kompyuta kubwa iliyowekwa kabatini, na kila kadi ilikuwa faili moja. Mapokezi, maabara na chumba cha wauguzi, kila kimoja kilikuwa na kompyuta yake ndogo ya kuzifikia faili hizo. Kilichotutesa ni stima. Programu ilipotaka kuhifadhi kadi, ilifuta kwanza yaliyokuwamo, halafu ikaandika upya, na stima ikipotea hapo katikati, kadi ilibaki tupu. Sista Anjeline, muuguzi mkuu wa pale, alikuwa na namna yake ya kutuarifu. "Nanjala," angesema kwenye simu bila salamu, "mgonjwa mwingine amepotea." Alimaanisha kadi. Hata nilipokwisha kumzoea, kila mara niliwaza mtu kwanza.

Katika kazi yetu mtu haandiki kila kitu mwenyewe. Huazima maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, mara nyingi watu wa kujitolea walio nchi za mbali ambao hutawahi kuwaona, ukauunganisha na wako. Simiyu alitafuta mpaka akapata maktaba ya kuhifadhi faili kwa usalama. Hiyo haikuigusa kadi ya zamani kamwe. Iliandika mambo mapya kwenye faili ya muda kando yake, ikahakikisha yameandikika yote, kisha kwa mara moja ikaipa faili ile mpya jina la ile ya zamani. Stima ipotee itakapo. Utabaki na kadi ya jana au kadi ya leo, hutabaki na kadi tupu. Simiyu aliijaribu kwa kuchomoa waya ukutani huku programu ikiendelea, tena na tena, akicheka, hadi mwenye duka akapanda kuuliza kama ni sisi tunaochezea stima. Kadi haikupotea hata moja. Tukaipeleka Bungoma, na simu za Sista zikakoma.

Hatukuona jambo moja. Kila faili kwenye kompyuta kama ile ina ruhusa zake: nani aisome, nani aiandike. Maktaba ile iliiunda faili ya muda ikiwa imefungwa, isomwe na aliyeiunda peke yake. Ni tahadhari nzuri, kwa sababu faili iliyoandikwa nusu haifai kusomwa na mtu. Lakini jina lilipobadilishwa, kufuli lilibaki palepale. Kadi iliyohifadhiwa na maabara ikawa ya maabara tu, na iliyohifadhiwa na mapokezi ikawa ya mapokezi tu. Pale Kitale sote watatu tulikuwa tukiijaribu programu kwa jina moja la kuingilia, kwa hiyo haikutukatalia kitu. Na kule Bungoma wauguzi waliokataliwa kadi hapa na pale walidhani ni mtandao, wakaandika kwenye karatasi na kuendelea na kazi.

Simu ilikuja asubuhi, wakati wa chai. Niliipokea mimi.

"Kuna mama ameletwa na homa kali," Sista Anjeline alisema. "Alijifungua juzijuzi. Anaongea maneno haieleweki. Nakumbuka kadi yake iko na onyo, kuna sindano ilitaka kumuua. Sikumbuki ni gani. Nikifungua, inaniambia sina ruhusa."

Nilimuuliza kuhusu mume.

"Yuko hapa. Hajui. Analia tu."

Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu akipumua, pumzi fupifupi zenye mkwaruzo. Aliyeihifadhi kadi ile mwisho alikuwa mtu wa maabara, na siku hiyo alikuwa Mabanga kwenye mafunzo, simu imezimwa. Aliyekuwa na neno la siri la kufungua kila kitu alikuwa Simiyu peke yake, naye alikwenda Endebess kuangalia zahanati iliyotaka programu yetu, mahali ambapo mtandao ulikuja na kuondoka. Hamisi alisimama dirishani akimpigia bila kupumzika. Mimi niliushikilia mstari wa Bungoma. Niliogopa kukata. Nilimsikia Sista akimuuliza mume yule maswali yaleyale kwa sauti ya upole, kama mtu anayemsomesha mtoto: ilikuwa sindano ya nini, alipewa wapi, ilikuwa rangi gani. Nilimsikia mume akisema, "Yeye ndiye anajua mambo yake, Sista." Chini yetu mtu alikuwa akicheka juu ya bei ya mbolea. Nakumbuka nilimchukia mtu huyo, nisiyemwona, kwa moyo wangu wote.

Simiyu alipopatikana alikuwa amepanda juu ya jukwaa la tangi la maji kutafuta mtandao. Alimpigia Sista moja kwa moja. Alimpa neno la siri, akamsomea mstari wa amri herufi kwa herufi, mstari wa kufungua kadi zote, kwa watu wote, kwa mara moja. Hakukuwa na muda wa kutafuta namna nyingine. Mimi nilikuwa bado kwenye simu ya kliniki, na Simiyu alikuwa amempigia Sista kwa simu yake ya mkono, kwa hiyo nilimsikia Sista akitamka kila herufi aliyoiandika, kisha akasoma kwa sauti, "Penisilini." Halafu akasema, si kwangu, "Toeni hiyo. Leteni ile ingine." Na simu ikakatika.

Tulikaa bila kujua hadi alasiri. Hamisi alikwenda kuswali akarudi. Nilifuta meza iliyokuwa safi. Sista alipopiga tena alisema mama amelala na homa inashuka, nami nikaenda kusimama kwenye ngazi, maana niliona aibu kulia mbele ya Hamisi. Simiyu alifika jioni, suruali imejaa matope. Hakuingia ofisini. Aliketi kwenye ngazi zilezile, akaomba maji, akayashika bila kuyanywa.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu sitaki mtu asome yanayofuata amwone Simiyu kuwa mzembe. Siku iliyofuata aliongeza mstari mmoja kwenye programu, ili kila kadi ikihifadhiwa ijifungue kwa kila mtu. Nilimuuliza tutazifunga vizuri lini. Akasema wiki ijayo. Nilipouliza tena akageuza kiti chake kunielekea, na hakuwa akicheka.

"Nanjala, si ulimsikia yule mama akipumua?"

"Nilimsikia."

"Sitaki kusikia hiyo tena. Wacha ikae wazi."

"Lakini sasa mapokezi anaweza kuona ya maabara yote."

"Mapokezi ana haja gani na maabara? Watu wako na kazi, bana."

Tulipokuwa tukishuka jioni Hamisi aliniambia, "Endelea kumuuliza. Mimi nimeuliza mpaka ameanza kunikwepa." Nikaendelea kumuuliza. Leo, ninapowafundisha vijana kazi hii, hunishangaza kwamba wanaiona ruhusa kama kero, kitu cha kuzimwa ili mambo yaende. Siwalaumu. Nimemwona mtu mwema, mwenye akili, akifanya hivyo kwa sababu ya pumzi alizosikia kwenye simu.

Katika miezi ile nilitumwa Bungoma mara kwa mara kukaa na wauguzi na kuwafundisha. Sista aliniombea malazi kwa Jentrix, mwanamke aliyefanya usafi pale kliniki. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili, sakafu ya saruji aliyoipiga deki hadi ukaona kivuli chako, na jikoni nje chini ya mabati. Aliwahi kunipa kitanda chake akalala kwenye godoro sebuleni, na nilipokataa aliniuliza kama kwetu mgeni hulala chini. Tulikula ugali wa wimbi na mrenda, siku nyingine saga, mboga ile chungu, iliyolala kwenye maziwa, na kila nilipoinua mkono kunawa angesema, "Kura, mama, bado iko mingi," na mimi ningemwambia kura ni za uchaguzi, naye angecheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Alikuwa mpishi wa kikundi cha akina mama wa kanisa. Kukiwa na harusi au msiba, sufuria kubwa zilikuwa mikononi mwake. Alilizungumzia jambo hilo kwa fahari, kama mtu mwingine anavyozungumzia shamba.

Siku moja nilikwenda kuchota maji bombani. Wanawake wawili walikuwa mbele yangu, wamenipa mgongo, hawakunijua.

"Harusi ya Jumamosi, nani atapika?"

"Si Jentrix. Ati hukusikia? Anakunywa zile dawa. Huyo msichana wa kliniki ameona kwa kompyuta."

"Kwa kompyuta?"

"Kwa kompyuta kabisa. Jina na kila kitu."

Maji yalikuwa yakijaa kwenye mtungi wao na mimi nikawa nasikia sauti ya maji tu. Nilikuwa nimekula kwa Jentrix, nimelala kitandani mwake, na sikuwa na haja yoyote ya kujua kwamba anatumia dawa za virusi. Na sasa nilijua, na nilijua pia imetoka wapi. Nilirudi na ndoo tupu. Alikuwa ameketi jikoni akichambua mboga. Aliitazama ndoo, akanitazama usoni, akarudi kwenye mboga zake. Nadhani alikuwa amejua siku kadhaa. Sufuria kubwa za kikundi, ambazo siku zote zilikaa zimefunikwa kwenye kona, hazikuwapo. Sikumwambia kitu, kwa sababu kila sentensi niliyoianza kichwani ilimtaka yeye anifariji mimi.

Kesho yake kliniki, Sista alimwita msichana wa mapokezi chumbani kwake, na mlango haukushikana vizuri. Msichana hakukana. "Nilikuwa natafuta kadi nyingine," alisema. "Nikafungua tu. Si ilikuwa wazi?" Sista akamuuliza kama kila kilicho wazi huingiwa. Msichana akarudia, kwa sauti ya mtu anayetaka kulia, "Ilikuwa wazi, Sista." Aliachishwa kazi wiki hiyo. Hilo halikunipa nafuu yoyote.

Nilimwambia Simiyu ana kwa ana, Kitale, mbele ya Hamisi. Nilitarajia ajitetee. Aliuliza tu jina, na nilipolitaja alivua miwani akaiweka mezani. Jentrix ndiye aliyekuwa akimpikia chai kila alipokwenda kutengeneza ile kompyuta ya kabatini. Kisha akasema, "Twende." Tukaenda Bungoma siku hiyohiyo. Alikataa Sista amwite Jentrix kliniki. Alikwenda mwenyewe hadi nyumbani, akaketi kwenye kigoda cha jikoni kilichokuwa kidogo mno kwake, na akamweleza yote kwa Kibukusu, polepole, bila kumtaja yule msichana hata mara moja. Alisema mlango aliufungua yeye, na aliuacha wazi akijua uko wazi. Jentrix alimsikiliza hadi mwisho.

"Sasa mnataka niseme nini?" aliuliza.

"Hakuna," Simiyu alisema.

"Basi."

Akainuka akaingia ndani. Tulikaa pale jikoni kidogo, kisha tukaondoka. Njiani Simiyu aliniambia kwamba kufunga tu hakutoshi, maana tukifunga kama mwanzo Sista atakataliwa tena kadi ya mtu anayekufa. Alilisema kama mtu aliyeshikwa kati ya kuta mbili. Ndivyo ilivyokuwa.

Hamisi ndiye aliyeona njia, na ilikuwa rahisi hadi inaudhi. Faili ya muda izaliwe imefungwa, isisomwe na asiyekuwa mwenyewe hata kwa sekunde moja. Iandikwe. Halafu, kabla ya kupewa jina la kadi ya zamani, iitazame ile kadi ya zamani: ilikuwa ya kundi gani, nani aliruhusiwa kuisoma, nani kuiandika. Ichukue ruhusa zilezile, si zaidi wala si pungufu. Ndipo ibadilishe jina. Na kukiwa hakuna kadi ya zamani, ipewe kundi la wauguzi na maabara tu. Mapokezi awe na faili yake ya majina na siku za kuja. Niliandika majaribio ya kila hali niliyoweza kuiogopa, na nilikuwa mtu wa kuogopa mengi. Stima ikipotea hapa je? Watu wawili wakihifadhi pamoja je? Nilianza kuona kwamba woga wangu, ambao watu walikuwa wakiuchekea, una kazi. Tukawaandikia pia wale wa kujitolea walioitunza maktaba. Mmoja alijibu akiuliza kwa nini watu wengi watumie faili moja. Si kila mtu ana kompyuta yake? Nilimweleza kuhusu kabati la Bungoma. Sikumweleza kuhusu bomba la maji. Baada ya majuma ya kungoja, yaliyonifanya nichungulie barua pepe hata nikiwa na sabuni mikononi, marekebisho yetu yalikubaliwa.

Lakini Jentrix aliacha kuja kliniki, kazini na kwa dawa pia. Sista alijua dawa alizokuwa nazo zinaelekea kwisha, na asingeweza kumtuma mtu kumwita bila kumwanika tena. Kila nilipofika Bungoma nililala kwa Sista, na kila asubuhi nilimwona akitazama benchi la wagonjwa kabla hajavaa vazi lake la kazi. Hatukuzungumza juu yake. Siku moja tu, tukinywa chai, alisema, "Akianza kukohoa hakutakuwa na kompyuta ya kulaumu, itakuwa ni mimi sikwenda." Akaenda mwenyewe Jumapili, amevaa nguo za kanisa kama mgeni yeyote. Hakuniambia walizungumza nini.

Jentrix alikuja mchana, kliniki imejaa. Hakwenda kwa Sista. Alikuja moja kwa moja mezani kwa mapokezi, ambapo nilikuwa nikimfundisha mama mmoja mtu mzima aliyechukua nafasi ya yule msichana.

"Nionyeshe," aliniambia.

Nikajua anachotaka. Nilimwomba yule mama aandike jina lake la kuingilia, kisha nikamwelekeza atafute kadi ya Jentrix. Kompyuta ikakataa. Jentrix aliyasoma maneno yale kwenye kioo akisogeza midomo.

"Jaribu tena."

Ikakataa tena.

"Na wewe? Kwa jina lako?"

Niliingia kwa jina langu. Ikanikataa mimi pia.

"Kwa hivyo nani anaweza?"

"Sista na wauguzi wake. Maabara." Ningeweza kuishia hapo. "Na Simiyu. Ana neno la siri la kufungua zote. Lazima kuwe na mtu mmoja."

Watu kwenye benchi walikuwa wakitusikiliza, baadhi yao, nadhani, wakiwa ni walewale waliokuwa wakimzungumzia. Jentrix alifunga kanga yake upya kiunoni.

"Simiyu alikuja akakaa chini kwangu," alisema. "Huyo sawa."

Kisha akaenda kukaa kwenye benchi. Jirani yake alisogea, nikaingiwa na hofu kwamba anamkwepa, kumbe anampa nafasi. Alikaa pale na wengine wote, mkoba mapajani, uso umeelekea mlango wa Sista. Na zamu yake ilipofika Sista alitoka akaliita jina lake lote, kwa sauti, kama anavyoliita la mtu mwingine yeyote.

"Niko," Jentrix akaitika, akainuka akaingia.